Naomba ushauri: kuimarisha mlango wa kioo wa kuteleza

Ndugu zangu, salaam. Nyumba ninayoishi ina mlango mpana wa kioo unaoteleza kwenye reli, kutoka sebuleni kwenda barazani, nami naomba ushauri wa namna ya kuuimarisha dhidi ya wezi bila kuweka nondo, kwa kuwa ndiyo njia yetu ya kutokea iwapo moto utazuka upande wa jikoni.

Kitasa chake ni ndoano ndogo tu inayoshika kwenye fremu ya alumini. Hata hivyo, kinachonitia wasiwasi zaidi ni uwazi ulioko juu: nikiushika mlango kwa mikono miwili na kuunyanyua, vigurudumu vya chini vinakaribia kuchomoka kwenye reli, kwa hiyo mwenye mtaimbo hahitaji hata kuhangaika na kitasa.

Nimefikiria kulaza kipande cha mbao kwenye reli ya chini (dawa rahisi kuliko zote), ila hicho huzuia mlango kusukumwa, si kunyanyuliwa. Je, skrubu zilizofungwa kwenye reli ya juu, vichwa vyake vikiachwa vimechomoza ili kupunguza ule uwazi, zinatosha, au nianze kwa kurekebisha urefu wa vigurudumu? Aidha, ningependa kufunga komeo la pini linalopenya fremu zote mbili. Aliyewahi kulifunga anieleze atoboe wapi mtu asije akapasua kioo, na kama watoto wanaweza kulifungua upesi gizani.