Msaada wakuu: nimenunua Peugeot 504 iliyolala bandani, niifufue injini yake au niweke ya Toyota?

Mkonge Mbichi:
Heshima kwenu wakuu. Nimepata Peugeot 504 saluni huku Tanga kwa bei ambayo nikiitaja mtasema nimeiba. Imekaa bandani miaka mingi bila kuwashwa. Bodi bado ngumu, kutu ipo chini ya milango na kwenye buti pale panapokaa spea taili. Shida: injini haizunguki kabisa, pedali ya breki inazama hadi chini, na ukifungua tanki harufu yake ni kama rangi iliyooza. Fundi wangu anasema injini ya Mfaransa haina spea, tuing'oe tuweke 3Y ya Toyota. Mwingine anasema nikiing'oa nimeua gari. Nishaurini haraka, fundi ananisubiri na mimi usingizi sipati.

Chuma Chakavu:
Pima kilo uuze. Ongezea hela ununue Toyota IST, uendeshe kama watu wengine.

Fundi Mstaafu:
Kijana, pole pole. Mtu yeyote asipige stata, na msiivute kwa kamba kulazimisha iwake. Hizo injini zina slivu, yaani mirija ya chuma ambamo pistoni zinapanda na kushuka, zinazozungukwa na maji moja kwa moja, hedi ni ya alumini. Gari likilala na maji ya bombani kwenye rejeta, kutu inakula pale chini ya slivu, na ringi za pistoni zinagandana na slivu. Kutozunguka hakuna maana kwamba imekufa.

Toa plagi zote, mimina mafuta kidogo kila silinda, iache ilowe siku kadhaa. Kisha shika nati ya puli ya krankishafti kwa spana ndefu, uisukume kidogo mbele, kidogo nyuma, kwa mkono. Ikilegea, mwaga oili yote, badilisha filta, ndipo ufikirie betri. Petroli mpya usiiweke juu ya ile iliyooza. Shusha tanki lioshwe, mirija ipulizwe, kabureta ifunguliwe. Platini za kuwashia cheche zipigwe msasa au zibadilishwe.

Breki ndizo zitakazokuua, injini ni baadaye. Mipira ya masta silinda na ya magurudumuni itakuwa imekauka, na hozi za zamani huvimba kwa ndani hata kama nje zinang'aa. Badilisha zote. Matairi nayo usiyaangalie kashata (meno yake) tu, yakikaa sana yanapasuka hata kama hayajalika.

Hilo la spea ni uvivu wa fundi wako. Nigeria waliziunganisha Kaduna, Kenya wakaziunganisha Mombasa. Anza kuulizia kwa wauza spea wa Gerezani, Dar, ukikosa vuka mpaka. Yako ni cc 1796 au 1971?

Mwana wa Nakuru:
Wacha nikwambie, hiyo gari imenilea. Station wagon zake ndizo zilikuwa zinatubeba Nakuru hadi Nairobi, watu wamebanana na dereva hashikiki. Babangu alikuwa na moja nyeupe. Siku moja feni belti ilikatika karibu na Gilgil, akamwomba mama soksi zake ndefu, akafunga, tukafika. Mama hakuongea na yeye wiki nzima. Alafu mtu asikuambie ni gari ya wazee: Safari Rally ya 1975 Ove Andersson alishinda na 504, na 1978 Jean-Pierre Nicolas akashinda na 504 tena.

Babu Jembe:
Peugeot 404 je? Ilishinda Safari 1963, 1966, 1967 na 1968! Vijana mnaanza kuhesabu kuanzia siku mliyozaliwa.

Mama wa Mirathi:
Nyote mmeingia kwenye boneti. Mkonge Mbichi, kadi ya gari ni ya nani?

Mkonge Mbichi:
Asante sana Fundi Mstaafu, shikamoo. Cc sijaangalia. Kadi ipo mama, hiyo haina shida. Narudi kwenye swali langu la 3Y.

Mama wa Mirathi:
Sijauliza kama ipo. Ina jina la nani?

Chuma Chakavu:
Hapo pameguswa 😂

Mkonge Mbichi:
Basi sikilizeni. Kadi ina jina la mzee ambaye ni marehemu. Aliyeniuzia ni mtoto wake wa tatu. Tuliandikishana kwa mwenyekiti wa mtaa, mashahidi wawili, mhuri upo. Ndugu zake wako Dar na hawana habari na hili gari, wangelitaka wangelichukua zamani. Niliyonayo mkononi ni kopi, kadi yenyewe kijana anaitafuta kwenye makaratasi ya mzee. Na fundi nimeshampa nusu ya hela, 3Y iko chini ya mwembe wake. Sasa nikisimama nani ananirudishia? Ndiyo maana nauliza ya injini, hayo mengine yatajipa.

Mama wa Mirathi:
Hayajipi, mwanangu. Nimekuwa karani wa mahakama, nimeyaona. Mhuri wa mwenyekiti haumfanyi mtoto wa tatu kuwa msimamizi wa mirathi. Familia ikae kikao, waandike muhtasari, wapeleke Mahakama ya Mwanzo pamoja na cheti cha kifo. Atakayeteuliwa ndiye mwenye mkono wa kukusainia uhamisho TRA, mamlaka ya mapato. Hao walioko Dar wanaonekana hawana habari hadi gari liwake.

Halafu kadi ina namba ya injini. Ukiweka 3Y, na hilo badiliko linatakiwa liingie kwenye usajili. Utaliombaje kwa gari lisilo lako?

Dereva wa Chalinze:
Na madeni ya road license ya miaka yote hiyo?

Mama wa Mirathi:
Ile ada ya kila mwaka ilifutwa kwenye bajeti ya 2017/18, siku hizi unailipia kwenye lita ya mafuta. Msitafute pa kukimbilia.

Mlokole:
Mke wako anajua? Hela ya nyumba ikitoka kwa siri inarudi na machozi.

Mkonge Mbichi:
Mke haingii hapa kabisa.

Fundi Mstaafu:
Ngoja kidogo. Plagi mlizitoa? Mlizikuta zina rangi gani?

Mkonge Mbichi:
Tulizitoa zote nne, nyeusi kidogo. Zipo pale ubavuni mwa injini, rahisi tu, kwa spana ya kawaida dakika tano.

Fundi Mstaafu:
Hapana. Injini ya petroli ya 504 imelazwa upande, na plagi zake zimezama kwenye mashimo marefu juu ya hedi. Spana ya kawaida haifiki, unahitaji boksi spana ndefu. Aliyewahi kuzitoa hasahau, vidole vinamkumbusha. Kijana, hilo gari umeliona kwa macho?

Chuma Chakavu:
Nimepitia nyuzi zake za nyuma. Mwezi uliopita alikuwa na Land Rover "ya mzee marehemu, ipo bandani". Kabla ya hapo alikuwa mwanafunzi anaomba hela ya hosteli. Wazee wote wa Tanga wanafia mikononi mwa huyu bwana. Ni dalali, anapima nani atauliza bei.

Babu Jembe:
Nilijua. Mtu mwenye 504 hawezi kukaa mistari yote hii bila kuweka picha.

Mkonge Mbichi:
Land Rover ilikuwa ya rafiki yangu. Plagi alitoa fundi, mimi nilisimama pembeni. Nimekuja na shida mnanigeuza tapeli. Picha nitaweka, bando limekata.

Dereva wa Chalinze:
Bando la maneno lipo, la picha ndilo limekata.

Mwana wa Nakuru:
Dalali ama si dalali, mimi nauliza: taa za mbele ziko sawa? Natafuta ya kushoto, ile ya pembe.

Mkonge Mbichi:
Zipo zote mbili, safi. Njoo inbox.

Mama wa Mirathi:
Na hizo taa pia ni za marehemu.

Mwana wa Nakuru:
Mama, kwanza naomba picha tu.