Bashe 504 imekalia matako, malame niliyonunua hayaingii

MtotoWaRuashi
Jambo yenu wote. Niko Lubumbashi. Nina bashe (pikapu ya turubai) Peugeot 504 ya mwaka 1977, moteri bado nzuri, lakini nyuma imekalia matako. Nikipakia makala kwenye barabara ya Kasenga, magurudumu yanakwangua karoseri, na upande wa kushoto umeshuka kuliko wa kulia. Wiki iliyopita nilinunua paketi mbili za malame (springi za bapa zilizopangana) ya 504 kwa wauza vipande, dola 120, muuzaji akaapa kwa mama yake kwamba ni ya bashe. Kufika nyumbani, hakuna pa kuyafunga. Swali langu ni moja tu: 504 ina malame ya aina ngapi, na nitajuaje yangu? Jumatatu nataka kupakia.

MamaMakala
Weye mutoto, unapakia mifuko ngapi? Mie nauzisha makala miaka kumi na mbili. Bashofere banapakia mpaka mufuko wa mwisho unagusa waya za umeme, kisha banakuja kulia resori, springi.

GomaJiwe
Huku Goma tuna dawa. Weka jiwe moja la volkano juu ya kapo (boneti), mbele nayo ishuke. Gari litakaa sawasawa.

Funguo13
Kijana, kabla hujatoa tena pesa: hesabu lame za paketi moja, pima upana na unene wake, halafu urefu wa lame kuu kutoka jicho hadi jicho. Hapo utajua kama paketi zako mbili ni ndugu au ni majirani tu. Lakini hilo la kukosa pa kuyafunga linanisumbua zaidi. Bashe ya 504 ina vishikio vya malame vilivyotoka kiwandani, na jumele, vile vipande vinavyobembea, kwa nyuma. Havipotei kama soksi. Lala chini ya gari, piga picha, uniambie nini kimekaa juu ya ponti, yaani ekseli ya nyuma.

MtotoWaRuashi
Asante mukubwa. Chini kuna matope mengi, picha haitaonyesha kitu. Nipe tu vipimo vya malame.

BukavuNgomo
Malame nayajua. Tulikuwa tunashuka mlima Ngomo na Hilux ya shemeji, tunapeleka mahari. Bridi (boliti za U zinazofunga malame kwenye ponti) zilikuwa zimelegea, bulo (boliti) ya katikati ya malame ikakatika, ponti ikarudi nyuma upande mmoja tu. Gari likaanza kutembea kama kaa: pua inaelekea mlimani, mwili unakwenda Kamanyola. Wazee walishuka wakatembea kwa miguu. Mbuzi alibaki ndani, na tulipofika alikuwa amekula orodha ya mahari. Mpaka leo hatujakubaliana na wakwe ng'ombe walikuwa wangapi. Kwa hiyo wewe, ukishafunga malame, endesha kilomita mia mbili tatu kisha kaza bridi upya.

MwalimuPensioni
Vijana wa siku hizi mnanunua kwanza, mnapima baadaye. Hii 504 ilichaguliwa gari la mwaka la Ulaya mwaka 1969, haikutengenezwa ili ibebe tamaa ya mtu. Marehemu baba alikuwa na 404, aliipakia kwa adabu, na kila Jumamosi aliosha chini kabla ya kuosha juu. Sisi watoto tulishika ndoo. Hakuna aliyesema "kuna matope".

Funguo13
Mwalimu amesema. Matope yanatoka kwa maji. Naomba picha.

MchunguziKamalondo
Ngojeni kwanza. Bashe ya 504 ya mwaka 1977? Peugeot walianza kuitoa mwaka 1979. Kabla ya hapo ukitaka bashe ya Peugeot ulichukua 404. Mtu ana gari lililozaliwa kabla ya mimba yake, ana matope yasiyooshwa, na swali la mifuko amelikimbia. Kuna mwingine alitulaza macho hapa na Land Rover ya babu yake, tukajibu siku tatu, kumbe hata baiskeli hana. Huyu naye anatunga.

GomaJiwe
Usimwonee. Labda ilitoroka kiwandani ikiwa bado mchoro.

MamaMakala
Mie nilimuuliza mifuko toka asubui. Muongo huyo.

MtotoWaRuashi
Mimi si muongo. Haya, kama mnataka yote. Karte roze (kadi ya gari) imeandikwa 504 break, ile ya familia yenye paa refu mpaka nyuma, 1977. Marehemu mjomba ndiye aliyeikata: alitoa paa la nyuma na madirisha, akaunga vyuma vya pembe, akafunika turubai. Mimi nilikuwa shule ya msingi. Avenue nzima inaiita bashe, hata polisi wa barabarani wanaiita bashe. Sikusema kwa sababu ukitamka "ya kukatwa" watu wanacheka kwanza, kisha wanakusahau. Nimeosha. Picha hizi tatu. Na mifuko ni kumi na minane.

MamaMakala
Kumi na munane! Yezu wangu.

Funguo13
Sasa tunaongea. Angalia picha yako ya pili. Hizo zinazozunguka kama nyoka ni resori za bude, nne, mbili kila upande. Hivyo ndivyo break ya 504 ilivyotoka kiwandani. Bashe ndiyo yenye malame. Muuzaji wako hakukudanganya, amekuuzia vipande sahihi vya gari ambalo huna.

MtotoWaRuashi
Hilo nililihisi, mukubwa. Ndiyo maana juzi nilishampa sudere, fundi wa kuunga vyuma, avance (malipo ya awali) ya dola 60 aunge vishikio vya malame chini ya sakafu. Amefanya hivyo kwenye minibasi mbili na zinatembea. Malame ninayo tayari, siwezi kuyatupa. Naomba tu mniambie vishikio viachane santimita ngapi.

Funguo13
Santimita sitakupa. Nitakueleza sababu, ukitaka kukasirika kasirika.

Break haina shasi kama ya lori. Sakafu, kuta na paa vilikuwa vinabeba pamoja, na mjomba, Mungu amrehemu, ameshaondoa paa. Wewe unataka kumning'iniza ponti kwenye bati la sakafu mahali ambapo kiwanda hakikuweka nguvu yoyote. Hiyo moja. Nyingine ni kwamba ponti yako inashikwa na lile bomba nene linalofunika mti wa transmisioni, na fimbo ya Panhard inaizuia isiyumbe kushoto na kulia. Resori zako kazi yake ni kubeba tu. Lame haibebi tu, inataka pia kushika ponti na kuiongoza. Mabwana wawili juu ya ponti moja: kila shimo la barabara watavutana, na kitakachopasuka ni sakafu. Minibasi za sudere siyo ndugu wa gari lako.

Na breki. Kama compensateur yako bado iko, ile vali yenye kijiti kilichofungwa kwenye ponti, inapima mzigo kwa kuangalia nyuma imeshuka kiasi gani. Ukiinua nyuma kwa malame magumu, vali itadhani gari ni tupu hata ukiwa na makala, na itanyima breki za nyuma presha.

MwalimuPensioni
Nilisema.

MtotoWaRuashi
Mukubwa, hivi unavyoongea kama sudere ni mjinga. Ana mashine mpya.

BukavuNgomo
Mashine mpya inaharibu haraka kuliko ya zamani. Shemeji...

Funguo13
Shemeji apumzike. Kijana, kazi ya leo ni kipimo, siyo moto. Kriki (jeki) mbili, na vigogo imara chini ya mwili wa gari, usilale chini ya kriki peke yake. Fungua amortisere (shokamzoba) kwa chini, shusha ponti polepole huku ukitazama mpira wa breki usivutike. Resori zitatoka kwa mkono. Zipange nne kwenye meza, upime unene wa waya kwa piakulisi, kile kipimo cha milimita chenye taya, uhesabu mizunguko, upime urefu zikiwa huru, na utafute alama ya rangi chini ya kutu. Usidharau milimita. Waya wa 14 ni mgumu kuliko wa 13 kwa karibu theluthi nzima, hata kama upana wa resori na mizunguko ni vile vile. Na asikudanganye mtu ukate mzunguko mmoja: resori inakuwa ngumu, ndiyo, lakini fupi pia, na wewe umeshakalia matako.

MchunguziKamalondo
Kama gari lipo kweli, apige picha ya hizo resori mezani pamoja na karatasi yenye tarehe ya leo.

MtotoWaRuashi
Saa kumi na moja jioni. Picha hiyo, na karatasi ya bwana mchunguzi. Kulia zote mbili ni sawa kila kitu. Kushoto, moja ni sawa na za kulia, lakini ya pili waya wake ni mwembamba kwa milimita mbili, ina mizunguko miwili zaidi, na ina rangi ya kijani ambayo wenzake hawana. Nadhani ni ya gari lingine kabisa. Mama anasema mjomba aliwahi kukwama Kipushi akarudi amefunga kitu.

Funguo13
Basi ndiyo maana kushoto kumelala. Miaka yote hiyo umekuwa ukibebea makala kwenye resori tatu na mgeni mmoja. Tafuta nne za break, zinazolingana, siyo hiyo moja peke yake, kwa sababu hizo nyingine nazo zimechoka. Nenda kwa muuzaji na moja nzuri mkononi, siyo na jina la gari mdomoni.

MamaMakala
Na Jumatatu utapakia ngapi?

MtotoWaRuashi
Jumatatu sipakii, mama. Nikishapata resori, tisa.

MamaMakala
Saba.

GomaJiwe
Na avance ya sudere?

MtotoWaRuashi
Anasema ameshanunulia bageti, zile fimbo za kuungia.

BukavuNgomo
Hayo malame ya bashe unauza? Binamu yangu Likasi ana bashe ya kweli.

MtotoWaRuashi
Dola 150, hayajawahi kufungwa.

MchunguziKamalondo
Sasa nimeelewa tumeitwa hapa kufanya nini.