Naomba ushauri: mwanga wa Caravaggio kwenye chumba chenye kuta nyeupe

Habari zenu ndugu zangu. Niko Jinja, tunaandaa filamu fupi kuhusu mtoza ushuru wa sokoni anayepata wito wa kuiacha kazi yake. Nimeijenga juu ya mchoro wa Caravaggio, mchoraji wa zamani wa Italia, uitwao Kuitwa kwa Mathayo (1599–1600), ulioko kanisa la San Luigi dei Francesi, Roma. Kinachonishika ni hiki: dirisha linaonekana kabisa ukutani, lakini mwanga hautoki humo. Unaingia kutoka kulia, juu ya kichwa cha Yesu, unakata ukuta na kuzifikia nyuso za watu mezani. Wengine wanainua macho, wengine bado wameinamia pesa. Hapo ndipo hadithi yangu yote ilipo.

Chumba tulichopata kina kuta nyeupe. Nikiwasha taa moja, mwanga unarudi kila upande na vivuli vinakuwa vya kijivu. Nikiipunguza, picha inajaa chengachenga.

Je, nifunike kuta kwa vitambaa vyeusi, au nizipake udongo? Na kuna aliyewahi kutumia jua la saa kumi alasiri na kioo cha kawaida badala ya taa? Mwenye nyumba ametupa siku 2 tu.