Tupeane uzoefu: Siku bendi yenu ilipotoka gazetini (au mlivyobaniwa)

Gitaa la Ridhim: Wakuu, leo nimepita kwa muuza magazeti nikakuta bendi ya vijana wa mtaani kwetu imepewa nusu ukurasa wa burudani, picha ya rangi kabisa. Nikasimama kusoma bure mpaka muuzaji akaanza kunikoholea. Sisi Morogoro tulihangaika miaka minne, tukaambulia mistari mitatu, na jina la bendi likakosewa. Waliowahi kuwa na bendi, mlitokaje?

Tumba Moja: Jina kukosewa ni kawaida. Mwimbaji wetu wa kike aliandikwa "bwana huyo".

Korespondenti Mstaafu: Nisikilizeni na mimi wa upande wa pili. Mwandishi wa mkoani wengi wetu hatukuwa na mshahara. Unalipwa kwa habari iliyotoka, siyo uliyoandika. Unaniita ukumbini saa nne usiku, bodaboda kwenda na kurudi ni yangu, kesho mhariri anaitupa kwa sababu kuna mechi ya Simba. Nani amekula hasara? Halafu onyesho la Jumamosi mnaniambia Ijumaa jioni, ukurasa umeshafungwa! Njooni mapema wiki hiyo, mniletee na picha yenye majina kutoka kushoto kwenda kulia. Mkiweza andikeni habari yenyewe, mimi nitaipunguza chumvi.

Mama Wawili: Kwa kifupi anataka bahasha.

Korespondenti Mstaafu: Nauli siyo bahasha, dada yangu.

Mama Wawili: Nauli ya elfu hamsini ulikuwa unatokea Kigoma?

Kamba Nne: Ridhim, umenitonesha kidonda. Mwaka 2011, ule mgao wa umeme mnaukumbuka. Tulikuwa Tanga, tunazindua albamu. Wiki mbili tulizunguka na barua za mwaliko, na nauli ndani kama anavyosema mstaafu hapo juu. Wote walisema watakuja. Siku yenyewe tukatandika meza ya waandishi kitambaa cheupe, soda nane juu yake. Hakukaa mtu. Soda zilinywewa na mtoto wa mwenye baa.

Saa tano kasoro umeme ukakatika. Tulijipanga, jenereta la kukodi lipo nje. Likanguruma nyimbo mbili, likazima. Kwenda kuangalia, tangi kavu, na kijana tuliyemwachia dumu la akiba kaliuza kwa bodaboda. Watu wakaanza kudai viingilio. Pesa za mlangoni anazo meneja, meneja hapokei simu. Chupa ya kwanza ilitua kwenye drams. Mwenye baa akasema hakuna kutoka kitu mpaka deni la ukumbi lilipwe, akafungia kinanda stoo. Mpiga kinanda akagoma kukiacha. Akasema kama ni kufungiwa, nifungieni nacho. Akalala humo humo juu ya kreti.

Asubuhi ndipo waandishi wakaja. Wote! Mpaka ambao hatukuwaalika. Kesho yake nipo kwenye daladala, redio inasoma vichwa vya magazeti: mwanamuziki awekwa rehani baa, alala stoo na kinanda. Abiria wanacheka, na mimi nacheka nao, nimekumbatia gitaa langu la besi. Kilichoniumiza ni mama. Kusoma kwake ni kwa shida, akamwita jirani amsomee. Jirani akasoma kwa sauti uani pale, wapangaji wote wanasikia. Na picha waliyoweka ni yangu mimi, siyo ya mpiga kinanda. Mama akanipigia analia: "Baba, mbona hukuniambia umelala stoo?"

Tumba Moja: Nimecheka kwenye msiba jamani, nimetolewa nje.

Bwana Kiingilio: Chai hii. Mimi 2011 nilikuwa Tanga hiyo hiyo, sijasikia.

Kamba Nne: Ulikuwa Tanga ipi, ya Handeni?

Mzee wa Kadi za Salamu: Vijana mnateseka. Enzi zetu ni Redio Tanzania. Bendi inaingia studio pale Pugu Road, inarekodiwa, nchi nzima inasikia. Huombi mtu.

Bwana Kiingilio: Mzee wangu shikamoo, lakini wimbo ulikaguliwa mashairi kwanza. Ukikataliwa pale ungeupeleka wapi, na redio za watu binafsi zimekuja miaka ya tisini? Leo ukibaniwa huku unahamia kule.

Mzee wa Kadi za Salamu: Marahaba. Waliokataliwa waliimba vibaya.

Mama Wawili: Au waliimba ukweli.

Mzee wa Kadi za Salamu: Sibishani na wewe mwanangu. Ila nikupe siri. Magazeti hayakuwa yakiandika muziki, yalikuwa yakiandika uhamisho. Mwimbaji Gurumo alipoondoka bendi ya Juwata, ndiyo Msondo ya leo, mwaka 1978 akaenda kuanzisha Mlimani Park, ndiyo Sikinde, na wenzake, mji ulizungumza kama Yanga kampoteza mfungaji. Bitchuka naye kavuka mara ngapi kati ya Sikinde na Msondo? Kila akivuka ni habari. Bendi isiyoibiwa mwimbaji haiandikwi.

Gitaa la Ridhim: Kwa hiyo nimwambie mwimbaji wangu ahame?

Mzee wa Kadi za Salamu: Ahame, arudi. Hapo una habari mbili.

Pwani Kenya: Salaam kutoka Mtwapa. Mimi nilipiga hotelini miaka kumi na miwili. Wajerumani wananijua kwa jina, gazeti la hapa kwetu halinijui. Nilitokea mara moja tu, nyuma ya waziri akikata utepe. Mkono wangu unaonekana.

Korespondenti Mstaafu: Redio za mkoani ndiyo njia rahisi. Wapigie jingo ya kituo bure, mtangazaji ataipiga kila saa, na mwisho atataja bendi.

Tumba Moja: Tulifanya hivyo. Jingo imepigwa miaka mitatu, bendi haijatajwa hata siku moja.

Mama Wawili: Hamkutoa nauli 😂

Bwana Kiingilio: Tuache utani, Kamba Nne, baada ya lile gazeti ikawaje?

Kamba Nne: Si ulisema chai? Haya. Jumamosi iliyofuata tulipiga kwa mwenye baa yule yule ili tukatwe deni. Ukumbi ulijaa mpaka watu wamekaa juu ya ukuta. Nyimbo hawazisikilizi, wanapiga kelele "Wa stoo! Wa stoo!" na wananinyooshea kidole mimi. Mpiga kinanda alinuna wiki nzima, anasema nimemwibia jina.

Pwani Kenya: Na kinanda kilitoka?

Kamba Nne: Kilitoka baada ya miezi miwili. Adapta alibaki nayo, nasikia inaendesha redio ya kaunta.