Tumelipia kilomita 21, tumekimbizwa 19.7. Waandaaji wa ile nusu marathoni ya barabara ya baharini mtujibu

Wakuu, heshima kwenu.

Nimekaa na hili jambo tangu Jumapili nikijiambia hasira ziishe kwanza. Leo Jumatano hazijaisha, naandika hivyo hivyo.

Jina la mbio silitaji. Mliokuwepo mnazijua, na ambao hamkuwepo hamjakosa kitu. Unaanzia Masaki, unashuka na Toure Drive, unapita Coco Beach, unavuka Daraja la Tanzanite, unaingia Barack Obama Drive hadi Feri, unageuza na kurudi ulikotoka. Kwa uzuri wa njia hakuna wa kubisha. Ukienda mjini bahari iko kushoto kwako, jua linachomoza humo humo, meli zimetia nanga nje zikisubiri zamu ya bandarini, na pale juu ya daraja kuna upepo ambao mtu wa Tabata kama mimi huwa nausikia kwenye simulizi tu. Elfu 45 ya kiingilio nililipa kwa sababu ya njia hiyo, nasema ukweli.

Muda wa kuanza ulitangazwa saa 11:30 alfajiri. Kwa anayeujua Februari ya Dar, hiyo ni saa ya busara. Saa 11 kamili nimeshafika, nimejipaka mafuta, nimebana namba kifuani. Tukaanza saa 1:10. Kisa? Tunamsubiri mgeni rasmi. Tulichezeshwa zumba mara tatu! Watu tunakwenda kukimbia kilomita 21, MC anaturusharusha kama watoto wa chekechea mpaka miguu inakwisha kabla ya mbio. Mgeni rasmi alipofika alihutubia kuhusu afya, akapiga filimbi, akapanda gari lake lenye kiyoyozi. Sisi tukabaki na jua.

Maji sitayasema sana, wengine watasema. Meza ya kwanza ilikuwa na maji. Ya pili ilikuwa na maboksi matupu na dada mmoja anayeomba radhi kwa kosa lisilo lake. Ya tatu sikuiona kabisa. Wakati wa kurudi kaskazi lilikuwa limetukaa usoni, lile la joto, na pale kwenye reli za daraja nilikuta watu wazima wamekaa chini wameshika vichwa. Mimi niliokolewa na mzee wa madafu pale Coco Beach. Nilimwambia sina hela, hata simu nimeiacha kwenye begi. Akafyeka dafu, akanipa, akasema, "Kunywa mwanangu, utaleta." Elfu mbili yake nitampelekea. Waandaaji wenye mabango ya wadhamini kila mita 100 hawakuweza kufanya alichofanya mtu mwenye mkokoteni na panga.

Lakini hayo yote ningemeza. Tumezoea. Kinachonichoma ni umbali.

Mwenzenu nina miaka 41. Nilianza jogging baada ya daktari kunionyesha namba za presha. Tangu hapo nina lengo moja tu, kumaliza 21 chini ya saa mbili. Mara ya kwanza nilitumia 2:19. Ya pili 2:07. Kwa mbio hizi nimeamka saa 10 usiku miezi mitano, nimekimbizwa na mbwa wa Kinyerezi, nimekataa chipsi kwenye harusi ya shemeji yangu.

Basi Jumapili naikaribia mwisho, saa kubwa ya pale kwenye geti inasoma 1:54 na sekunde zake. Nikavuka kwenye 1:54:10. Wakuu, nililia. Mtu mzima na ndevu zangu, nikamkumbatia jamaa nisiyemjua, jasho kwa jasho. Nikachukua begi, nikampigia mama watoto, naye akapiga kigelegele kwenye simu.

Nilipokaa kuvua raba ndipo nikaitazama saa yangu ya mkononi. 19.7.

Nikadhani imeharibika. Nikamuuliza wa pembeni, yake 19.6. Wa mbele yetu 19.8. Hapo ndipo nilipomkumbuka yule kijana mwenye fulana ya usimamizi, kule karibu na Ikulu, kabla hata ya kuiona Feri: "Kaka, geuzia hapa hapa, huko mbele daladala zimejaa." Mimi nikageuza. Ningefanyaje, nibishane naye? Koni zilikuwa zimeshapangwa pale. Barabara ya Feri hamkuifunga, mkaamua kuisogeza kona nyuma kama mita 700. Kwenda na kurudi, mita 1,400 zimeyeyuka.

Sasa fanyeni hesabu na mimi. Mwendo wangu ulikuwa dakika 5 na sekunde 48 kwa kilomita. Kwa nusu marathoni kamili, kilomita 21.0975, hiyo ni saa 2 na dakika 2 na ushei. Maana yake sijavunja kitu chochote. Nimelilia rekodi ambayo haipo.

Nilipouliza kwenye grupu la WhatsApp la washiriki nikajibiwa eti saa zetu za mkononi si za kuaminika, na kwamba "mbona wengi mmepata muda mzuri, mnalalamika nini?" Kisha wakafunga grupu, wanaandika ma-admin peke yao. Hivi saa ya GPS ikikosea hukosea kilomita nzima na ushei, tena kwa watu watatu, tena kuelekea upande mmoja? Na muda mzuri ndio huo huo ushahidi, jamani.

Njia ya mbio haipimwi kwa gari wala kwa ramani ya simu. Inapimwa kwa baiskeli iliyofungwa kihesabio kwenye gurudumu la mbele, ikishalinganishwa na kipande cha barabara kilichopimwa kwa utepe wa chuma. Mpimaji anafuata mstari mfupi kuliko yote anaoweza kuupita mkimbiaji, halafu anaongeza mita 1 kwa kila kilomita ili njia isije ikapungua. Kwa 21 hiyo nyongeza ni mita 21. Watu wanaogopa kupunja mita 21, nyinyi mmekata 1,400 kwa koni!

Na hii ndiyo nchi ya Alphonce Simbu. Septemba 2025 kule Tokyo alichukua dhahabu ya dunia ya marathoni akiwa na muda sawa na Mjerumani, 2:09:48, wakatenganishwa kwa sehemu 3 za mia ya sekunde. Baada ya kilomita 42! Mwenzetu kapewa dunia kwa upana wa kifua, sisi kwetu mtu anafuta kilomita kwa sababu ya daladala.

Pesa yangu sihitaji mnirudishie. Nataka mtoe matokeo upya, pale palipoandikwa 21KM muandike umbali halisi, na mseme hadharani kwamba kona ilihamishwa na ni nani aliyeamua. Kuna watu wameshatumia muda huo kujiandikisha mbio za nje.

Mliokimbia na saa, wekeni hapa picha ya ramani yenu, tuone kila mmoja aligeuzia wapi. Nasikia waliotangulia kabisa walifika Feri kweli kabla koni hazijahamishwa. Kama ni hivyo tulikimbia mbio mbili tofauti na matokeo yetu yamepangwa kwenye orodha moja.

Medali mama watoto ameshaitundika sebuleni. Bado sijamwambia.