Barabara kuu kuwa njia nne: pande zote mbili, upande mmoja au mchepuo?

FundiCherehani
Wakuu, habari za leo. Mji wetu mdogo umejipanga kandokando ya barabara kuu. Juzi mhandisi mshauri alikuja ofisi ya serikali ya mtaa akabandika michoro mitatu ukutani. Wa kwanza unapanua pande zote mbili kwa vipimo sawa. Wa pili unauacha upande wa kaskazini, wenye zahanati na msikiti, unakula kusini peke yake. Wa tatu ni mchepuo wa kilomita 8 kupitia mashamba ya mpunga. Maoni yanatakiwa kabla ya mwisho wa mwezi. Mimi niko kusini, nina fremu mbili na cherehani nne. Watu karibu wote waliupigia makofi mchoro wa kwanza, eti kila mtu aumie kidogo. Mimi mikono ilikuwa mizito. Naomba wenye uzoefu mnisaidie.

Mthamini_Mstaafu
Dada, kabla ya michoro shika futi kamba. Sheria ya Barabara ya 2007 hapa Tanzania iliongeza hifadhi, yaani ukanda wa ardhi uliotengewa barabara, kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, ikihesabiwa kuanzia katikati ya barabara. Mwenye haki na ardhi yake aliyeangukia kati ya 22.5 na 30 baada ya badiliko hilo hulipwa fidia. Aliye ndani ya 22.5 huhesabiwa mvamizi. Ndiyo maana ya X mnazoziona kwenye kuta za nyumba: ya kijani ni ya anayelipwa, nyekundu ni ya mvamizi. Sasa tazama mchoro wa kwanza. Utaonekana wa bei nafuu kwa sababu nyumba nyingi za mbele haziingii kwenye bajeti ya fidia. Nyumba zitakazoanguka ni zilezile na waliomo ni walewale, ila kwenye jedwali la gharama hawapo. Ombeni idadi ya nyumba kwa kila mchoro, za X nyekundu na za kijani, kabla hamjaulizana shilingi ngapi.

Mkazi_Kimara
Naongezea: ulizeni kama barabara yenu ina upana wake maalumu. Huku kwetu Morogoro Road, kuanzia Kimara kuelekea Kiluvya, ilitumika mita 121.5 kila upande. Mwaka 2017 nyumba zikavunjwa, ikapita barabara ya Kimara hadi Kibaha, kilomita 19.2, njia nane. Barabara ni nzuri, naipita kila siku, siidharau. Lakini jirani yetu alikuwa na mwembe uani ambao sote tulikua chini yake, na alikuwa na mita ya umeme na risiti za kodi. Aliondoka na mabati yake kwenye kirikuu. Risiti hazikupunguza hata mita moja.

Dereva_wa_Masafa
Mimi nasema mchepuo. Malori yanapita katikati ya watoto wa shule, hilo peke yake latosha.

MamaNtilie_Stendi
Mwanangu, malori yakihama, na wateja wangu wanahama nayo. Ukishapita huko mashambani utasimama wapi ule ugali?

Mpimaji
Mama ana hoja, na wakulima pia wana yao. Hifadhi ya mita 60 kwa kilomita moja ni hekta 6, karibu ekari 15. Kilomita 8 zinafika hekta 48. Shamba la mpunga likipasuliwa katikati, maji ya mfereji hayafiki upande wa pili mpaka yajengewe kalavati. Mchoro uonyeshe makalavati hayo.

Wa_Nairobi
Hapa Nairobi walipandisha barabara juu ya nguzo. Expressway ya kilomita 27.1, Mlolongo hadi Westlands, ilifunguliwa 2022, na sehemu kubwa ya nguzo ziko katikati ya barabara iliyokuwepo. Ploti chache ziliguswa, lakini ukipita juu unalipia. Kwa mji mdogo sioni kama hesabu itakubali. Jambo moja la kujifunza kwetu: Katiba ya 2010, ibara ya 40, inaruhusu hata mkaaji asiye na hati, aliyeingia kwa nia njema, afikiriwe fidia.

Mthamini_Mstaafu
Nirudi kwa "kila mtu aumie kidogo". Nimethamini nyumba zilizokatwa mita nne tu mbele. Kinachoondoka ni kibaraza, fremu na karo la choo, na nyuma hakuna pa kuchimba karo lingine. Mwenye nyumba kalipwa kipande, kabaki na nyumba isiyo na choo wala mpangaji. Anayechukuliwa kiwanja chote huthaminiwa ardhi na jengo kwa bei ya soko, na juu yake posho ya usumbufu, usafiri, makazi kwa kodi ya miezi 36, na faida ya biashara ya miezi 36. Dada, daftari lako la mapato liwe safi kuanzia leo. Malipo yakivuka miezi sita dai riba, na uthamini ukipita miaka miwili bila kulipwa, urudiwe.

Mkazi_Kimara
Ila upande mmoja utawagombanisha. Kusini watauliza kwa nini wao.

FundiCherehani
Asanteni sana. Leo asubuhi nimepima na kijana wangu. Mlango wa fremu uko mita 24.6, mfuniko wa karo uko 22. Kwa mchoro wa kwanza nalipwa fremu, karo nalipoteza bure, na chumba wanacholala wanangu kinabaki ukingoni mwa mtaro. Kwa wa pili naondoka kabisa, na ninalipwa vyote vilivyo nje ya mita 22.5. Nimekwenda kwa majirani kumi na mmoja wa kusini na futi kamba. Saba karo zao ziko mbele kama langu. Jumamosi tunakwenda pamoja kwa mwenyekiti kuomba mchoro wa pili, tukiwa na vipimo vyetu kwenye karatasi. Mpimaji, kama una nafasi, nitumie namna ya kuvichora viwiane na vya mhandisi.

Mpimaji
Nakutumia usiku huu. Pima na kona za nyuma za kiwanja.