Alamu ya nyumba: ya waya, isiyo na waya, au kamera tu? Naomba ulinganisho

Nuru_K
Wakuu, habari za jioni. Wiki mbili zilizopita tulivunjiwa mlango wa nyuma usiku, tukiwa tumelala. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu, lakini mke wangu hapati usingizi tena. Nimeletewa mapendekezo matatu: alamu ya waya, alamu isiyo na waya, na kamera pekee zinazotuma picha kwenye simu. Kila muuzaji anasifu cha kwake. Nisaidieni, na mnieleweshe hizo sensa, kipedi na paneli, kipi kinafanya nini.

fundi_waya
Pole sana mkuu, na familia. Nafunga alamu miaka mingi, nianze na vifaa. Paneli ndiyo ubongo: sensa zote zinaripoti kwake, nayo ndiyo inayoamua king'ora kilie. Kipedi, yaani vile vitufe vya namba ukutani, ni cha kuiamrisha tu. Ndiyo maana paneli ya waya tunaificha chumba cha ndani. Mwizi aking'oa kipedi, ubongo bado uko kazini.

Mlangoni na dirishani inakaa sensa ya sumaku. Ni vipande viwili, vikiachana paneli inajua pamefunguliwa. Ndani ya nyumba kuna sensa ya mwendo, inayosoma joto la mwili wa mtu anayepita. Usiielekeze dirishani ukidhani itamwona aliye nje: joto hilo halipenyi kioo, na jua likiipiga inaweza kulia bila sababu. Ifungwe kwenye kona, mita 2 na kidogo kutoka sakafuni, mahali ambapo mtu atakatiza mbele yake. Anayekatiza inamnasa upesi kuliko anayeijia moja kwa moja.

Kama dari yako inafikika, mimi ni wa waya. Sensa hazina betri za kubadilisha, wala hakuna mawimbi ya redio ya mtu kuyavuruga. Nyumba ikishapakwa rangi na hutaki kutoboa kuta, isiyo na waya inatosha.

mama_watatu
Mimi ninayo isiyo na waya, na tulipohama tuliing'oa tukahama nayo. Ila kaka, betri za sensa zisikupite. Paneli yetu ilikuwa ikitoa mlio mdogo kila mara, tukauzoea. Kumbe sensa ya stoo ilikuwa imekufa, mlango ule ulikuwa haulindwi kabisa. Siku hizi nikisikia mlio naenda kusoma kipedi papo hapo, kinataja zoni yenye shida, yaani sehemu ya nyumba yenye sensa yake.

Mlinda_Lango
Kamera pekee sikushauri. Mlikuwa mmelala, nani angeangalia simu? Tena umeme ukikatika ruta inazima, na picha haziji. Paneli nzuri ina betri ya akiba, na inaweza kuwekewa laini ya simu ikupigie hata intaneti ikiwa haipo. Betri hizo za volti 12 huwa zinachoka baada ya miaka 3 hadi 5, kwa hiyo andika tarehe juu yake. Kamera iongeze baadaye, ukipata nafasi.

Nuru_K
Asanteni mno. Muuzaji ameniambia ulinzi unawashwa mkitoka. Usiku je, si tutailiza wenyewe tukienda chooni?

fundi_waya
Hapo ndipo penye kisa chako, mkuu. Kuna modi ya kutoka, inayowasha kila kitu, na modi ya nyumbani, inayowasha milango na madirisha huku sensa za mwendo za ndani zikipumzika. Nyinyi mliingiliwa mkiwa ndani, kwa hiyo hii ya pili ndiyo ya kila usiku. Mlango wa mbele upewe muda wa kuingilia, tuseme sekunde 30, ufike kwenye kipedi na kubonyeza namba yako. Wa nyuma usipewe hata sekunde moja. Na weka kitufe cha dharura kando ya kitanda, kwenye zoni ya saa 24: kinafanya kazi hata ulinzi ukiwa umezimwa.

Kipepeo_Mweupe
Naongeza la namba za siri za kipedi. Kila mtu awe na yake, ili anayeondoka afutwe bila kuwasumbua wengine. Namba ya fundi iliyotoka kiwandani ibadilishwe ukiona kwa macho yako. Paneli nyingine zina namba ya kushurutishwa: ukilazimishwa kuzima, unabonyeza hiyo, ulinzi unazima kama kawaida lakini ujumbe unatoka kimyakimya. Sharti awepo mtu wa kuupokea, na ajue maana yake.

Nuru_K
Tumekaa na mke wangu tukaamua: isiyo na waya, yenye betri ya akiba na laini ya simu. Kitufe kitakuwa upande wake. Shemeji atapokea ujumbe. Fundi anakuja Jumamosi.

fundi_waya
Vizuri. Kabla hujamlipa, washeni modi ya nyumbani, kisha mkeo mwenyewe aufungue ule mlango wa nyuma.